Mshipi Umekatika, Mashine Imezima, Rekodi Imekataliwa: Dalili na Sababu Zake

Wavuvi wa burudani wenye boti ndogo wana malalamiko yanayofanana mno. Samaki wa maana amekwenda na ndoana, mashine imezima katikati ya maji, au mtu amepata samaki wa kuingia vitabuni halafu karatasi zake zikarudishwa. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu ya kawaida kabisa inatangulia. Anza na ukaguzi usiohitaji spana. Vifaa viwili tu vinakutosha kwa sehemu kubwa ya kazi: mizani ya kuning'iniza na mita ndogo ya kupimia umeme.

Kila samaki mkubwa anakata mshipi

Usitupe ncha iliyorudi. Ishike kwenye mwanga uisome, maana mara nyingi inakwambia ilivyokuwa.

Ikiwa imejikunja-kunja kama mkia wa kinyonga, fundo liliteleza. Hii ndiyo sababu ya kwanza kwa idadi, na ndiyo wavuvi wasiyopenda kuikubali. Nailoni iliyokazwa ikiwa kavu hujichoma kwa msuguano, kwa hiyo lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza na ulikaze taratibu. Uzi wa kusokotwa ni mlaini na huteleza. Fundo linaloshika vizuri kwenye nailoni kwa mizunguko mitano linaweza kuachia kwenye uzi huo. Ongeza mizunguko, au tumia fundo la Palomar. Ukiunganisha uzi wa kusokotwa na lida ya nailoni nene (kile kipande cha mwisho kinachofungwa ndoana), fundo la FG linapita kwenye pete za fimbo bila kugonga, ila lifanyie mazoezi nyumbani. Kulifunga kwenye boti inayoyumba ni adhabu.

Ncha iliyokatika safi kama kwa wembe ni meno. Nguru na mzia hawahitaji zaidi ya kugusa. Dawa ni waya mfupi mbele ya ndoana au lida nene zaidi. Kubadilisha mshipi mzima hakusaidii kitu.

Ncha yenye manyoya, na ukirudi nyuma kwa vidole unahisi mikwaruzo, imesuguliwa na mwamba, matumbawe au fimbo yako mwenyewe. Niliwahi kupoteza makolekole matatu asubuhi moja nikilaani matumbawe. Nilipofika nyumbani nikachukua kipamba, nikakizungusha ndani ya pete ya juu kabisa ya fimbo, nyuzi za pamba zikanasa. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele ambao jicho halikuuona. Fanya hivyo kwenye kila pete, hasa fimbo ikiwa imeshawahi kuanguka.

Ncha ya nailoni iliyonyooka, nyembamba kuliko mshipi wenyewe, ilivutwa kupita uwezo wake. Hapo angalia breki ya rili. Kipimo cha kuanzia ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi: mshipi wa kilo 15 uachie kwenye kilo 4 hadi 5. Usipime kwa mkono, kwa sababu mkono unadanganya. Funga mshipi kwenye mizani, mwenzako aishike, wewe inua fimbo mpaka ipinde kama unapigana na samaki, kisha vuta na usome.

Wengi husahau kwamba breki uliyoipima spuli ikiwa imejaa haibaki vilevile. Mshipi ukitoka mpaka kipenyo cha duara la uzi uliobaki kwenye spuli kikawa nusu ya kile cha mwanzo, nguvu inayohitajika kuuvuta inakuwa mara mbili. Ongeza mzigo wa mshipi mrefu unaoburuzwa majini. Kwa hiyo samaki akishakimbia mbali, legeza kidogo. Silika inakwambia kaza, na ndiyo inayokata mishipi.

Sababu ya mwisho ni uzee. Nailoni huharibiwa na jua na hupoteza sehemu ya nguvu zake ikilowa. Kama mita za juu zimepauka na kukwaruza vidole, zikate. Kama spuli yote iko hivyo, badilisha.

Breki inashika na kuachia kwa mikupuo

Rudia kipimo cha mizani, safari hii utazame namba mbili: ile mshipi unapoanza kutoka na ile unapoendelea kutoka. Ikianza kwenye kilo 5 kisha ikashuka hadi 3, washa za breki (vile visahani vinavyobanana ndani yake) zimenata.

Kwanza, uliiacha imekazwa tangu safari iliyopita? Washa zilizobanwa kwa wiki kadhaa hugandana. Ilegeze, vuta mshipi kwa mkono mita kumi hivi, kisha upime tena. Nyingi hupona hapo hapo. La pili ni maji ya chumvi yaliyoingia, na mara nyingi yameingizwa na mwenye rili anapoisafisha kwa maji ya kasi. Mpira wa maji ukielekezwa kwenye rili husukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Kaza breki kwanza ili maji yasipite, nyunyizia maji baridi yasiyo na chumvi kidogo kidogo kama manyunyu, futa, kisha legeza breki kabla ya kuiweka kabatini.

Ikibidi kufungua, piga picha kila hatua na upange washa kwa mfuatano zilivyotoka. Washa za kaboni hupakwa grisi yake maalumu ya breki, kiasi chembamba tu. Grisi ya gari au mafuta ya mashine huziharibu. Rili zilizofungwa kuzuia maji zisiguswe kabisa: ukivunja sili yake bila kifaa cha kuirudisha, umenunua matatizo. Na ukizungusha mkono ukasikia mchanga ndani au beringi inalia, hilo si suala la breki tena. Mpelekee fundi wa rili.

Spuli inazunguka lakini uzi hauingii, au uzi unatoka na furushi la mafundo

Haya ni matatizo mawili ya uzi wa kusokotwa, na yote huanza siku ya kuujaza. Ukiufunga moja kwa moja kwenye chuma laini, uzi wote huteleza kwa pamoja na wewe unadhani breki imekufa. Anza na mita chache za nailoni chini. Furushi la mafundo hutokana na spuli iliyojazwa hadi ukingoni, au uzi uliojazwa bila kukazwa: acha milimita mbili au tatu, na ujaze huku uzi ukipita kwenye kitambaa chenye maji kilichobanwa kwa vidole.

Kwenye rili ya spini, ukiizungusha huku samaki anavuta na breki inatoa, kila mzunguko unausokota mshipi. Ukishajisokota, toa chambo na ndoana zote, uache mshipi mtupu uburuzwe nyuma ya boti kwa dakika chache. Utajinyoosha wenyewe.

Samaki anagonga, hanasi

Ndoana butu. Iburuze ncha juu ya ukucha. Ikiteleza bila kuchimba, inoe au itupe. Kama unatumia ndoana ya duara, tatizo ni wewe kuinyakua fimbo kwa nguvu: ndoana hiyo hujigeuza yenyewe kwenye pembe ya mdomo, kazi yako ni kukaza mshipi polepole tu.

*Simama hapa:* ndoana ikiingia jichoni au karibu yake, usiivute. Kata mshipi, funika jicho kwa kikombe kisichoigusa ndoana, nenda hospitali. Hata mkononi, iliyozama karibu na kiungo au mshipa wa damu ni kazi ya daktari.

Mashine inanguruma, kitundu cha maji hakitemi

Zima mara moja. Usiseme "nifike pale kwanza". Mashine ya nyuma ya boti hupozwa na maji inayoyanyonya, na yakikosekana joto hupanda upesi.

Inua mashine utazame wavu wa kuingizia maji chini: mfuko wa plastiki au majani ya baharini ni kawaida. Pili, kitundu chenyewe. Chukua kipande cha nailoni nene, kile cha lida kinafaa, ukisukume ndani. Chumvi iliyoganda au mchanga hutoka, na kama boti ilikaa nchi kavu muda mrefu unaweza kukuta nyumba ya nyigu wa udongo. Maji yakirudi, iache ingurume polepole dakika chache na uguse kichwa cha mashine kwa uangalifu kabla ya kuondoka.

Yasiporudi, mshukiwa ni impela ya pampu, gurudumu dogo la mpira lililo juu ya giaboksi. Mapanga yake hugeuka magumu na kupinda upande mmoja, na sekunde chache za kuwasha mashine bila maji zinatosha kuyachana. Kuibadilisha ni kazi unayoweza ukiwa na kitabu cha mashine, lakini hesabu mapanga yaliyobaki: kipande kilichokatika kimekwenda juu kwenye njia za maji na lazima kitafutwe. Baada ya impela ndipo uifikirie thamostati, ambayo chumvi huigandisha ikiwa imefunga.

*Simama hapa:* kengele ya joto ikilia, mvuke ukitoka, au rangi ya kichwa cha mashine ikiwa imebabuka, usiwashe tena hata maji yakirudi. Fundi apime mgandamizo wa silinda na gasketi kwanza.

Inawaka, inakwenda dakika tano, inazima

Kabla ya yote, kamba ya usalama ya swichi ya dharura imekaa sawasawa? Cheka, lakini boti zimevutwa hadi ufukweni kwa sababu ya kamba hiyo.

Kisha gusa ile pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta. Imenywea bapa? Mafuta hayatoki kwenye tangi, na karibu kila mara ni kifuniko cha tangi ambacho tundu lake la hewa limefungwa. Lifungue, utasikia hewa ikiingia kwa mlio. Haikazi hata ukiibonyeza mara thelathini? Hewa inaingia mahali: kiungio cha tangi, kiungio cha mashine, pete ya mpira iliyochanika, au valvu ya pampu yenyewe imekufa. Hakikisha pia mshale wake unaelekea mashine, na unapobonyeza uishike wima mshale ukitazama juu.

Kama pampu iko sawa, shuku maji kwenye mafuta. Mimina yaliyo kwenye chujio ndani ya chupa angavu na uache yatulie. Maji ni mazito, yatakaa chini na utaona mstari. Ukiona zaidi ya matone, tangi zima lina tatizo, kubadilisha chujio tu ni kuahirisha. Petroli yenye ethanoli huvuta unyevu, kwa hiyo tangi lililoachwa nusu kwa miezi ni la kushukiwa. Plagi zinafuata: nyeusi na zenye mafuta husema mchanganyiko mzito au mashine iliyotembezwa polepole muda mrefu. Kabureta ndiyo ya mwisho, ingawa watu wengi huanza nayo.

*Simama hapa:* harufu kali ya petroli ndani ya boti. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hujikusanya ngamani (chini kabisa ndani ya boti), na cheche ya swichi yoyote inatosha. Usiwashe wala usizime chochote cha umeme, toa watu upande wa upepo, fungua pande zote hewa ipite. Na mashine zinazopuliza mafuta kwa shinikizo kubwa usizifungulie paipu zake. Huyo ni fundi mwenye vifaa.

Inanguruma sana, boti haisogei

Kwenye mashine ndogo, pini ya rafadha (propela) imekatika. Imewekwa ikatike ili gia zisivunjike, ndiyo maana unabeba pini mbili za akiba. Kwenye mashine kubwa kidogo, mpira wa katikati ya rafadha umeachia. Chora mstari mmoja wa rangi unaovuka kitovu na sehemu ya mapanga, nenda mwendo wa nguvu, rudi utazame. Mistari ikiwa imepishana, mpira unateleza. Utafika nyumbani kwa mwendo wa pole tu.

Ukishaitoa rafadha (ufunguo mfukoni na kamba ya usalama imechomolewa, tafadhali), tazama nyuma yake. Hapo ndipo mshipi uliopotea hujificha. Nailoni au uzi wa kusokotwa ukijizungusha kwenye mhimili huingia hadi kwenye sili ya mafuta na kuikata. Boti inaendelea kwenda kama kawaida, maji yanaingia giaboksi taratibu, gia zinaliwa na kutu. Mvuvi anayetupa vipande vya mshipi majini mara nyingi huvilipia mwenyewe hapa. Nimekuta mzunguko wa uzi wa kijani nyuma ya rafadha yangu, rangi ileile ya spuli yangu, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Kuthibitisha, legeza skrubu ya chini ya giaboksi mashine ikiwa imekaa wima usiku kucha. Matone ya kwanza yakiwa maji, au mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, sili imekwisha. Vipande vya chuma vinavyong'aa kwenye sumaku ya skrubu ni habari mbaya zaidi. Kubadilisha mafuta peke yake hakuponyi. Fundi abadilishe sili na aijaribu kwa shinikizo la hewa.

Kitafuta samaki kinapoteza chini, redio inazimika

Pima betri: volti 12.6 au zaidi mashine ikiwa imezimwa ni betri iliyojaa, karibu na 12 iko hoi. Betri nzima lakini kifaa kinazima unapowasha mashine? Vichwa vya betri vina unga wa kijani au vimelegea. Visugue, kaza, paka grisi. Kama kifaa kiko sawa ukisimama na kinapoteza chini ukienda kasi, mapovu yanapita chini ya kihisi kilicho kwenye tezi (nyuma ya boti). Kishushe kidogo au kisogeze mbali na rafadha. Kwenye kina kirefu tumia masafa ya chini kama kilohezi 50, maana 200 huishiwa nguvu mapema.

Tezi inakaa chini kuliko kawaida

Kizibo cha tundu la kutolea maji. Weka kidole uhakikishe. Kama kipo, tazama pampu ya ngama: fyuzi, kisha boya la swichi yake, ambalo hunaswa na kipande cha mshipi au magamba. Halafu paipu zinazopita ubavuni. Usitie nanga kwa tezi hata kama samaki wako upande huo. Ubao wa nyuma ni mfupi, umebeba mashine, na wimbi moja linaweza kuijaza boti.

*Simama hapa:* maji yakiingia kwa kasi kuliko mnavyoyafua, acheni kutafuta tundu. Vaeni majaketi okozi, iteni Mayday (wito wa hatari) kwenye redio ya VHF chaneli 16, mtaje mahali mlipo, na mbaki na boti hata ikipinduka.

Samaki ni mkubwa kuliko rekodi, maombi yamekataliwa

Rekodi za dunia za uvuvi wa mchezo baharini hutunzwa na IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa mchezo lililoanzishwa mwaka 1939. Nduaro mweusi wa Alfred Glassell, kilo 707.61, aliyevuliwa Cabo Blanco nchini Peru tarehe 4 Agosti 1953, bado hajavukwa. Jodari wa Ken Fraser wa Nova Scotia, kilo 679, ni wa mwaka 1979. Kukaa kwao muda wote huo kunaonyesha samaki wa namna hiyo ni adimu, na pia kwamba milango ya kupita ni myembamba.

Sababu ya kawaida ni mtu wa pili. Rafiki aliyeshika fimbo "kidogo tu" ameiua rekodi, kwa kuwa mvuvi lazima amnase na kumvuta samaki peke yake. Wengine wanaruhusiwa kushika lida mwishoni na kutumia upembo (mpini wenye ndoana kubwa ya kumpandishia samaki). Kuegemeza fimbo kwenye ubavu wa boti wakati wa kupigana pia ni kosa.

Inafuata mizani. Samaki aliyepimwa boti ikiwa majini hahesabiki. Apimwe nchi kavu, kwenye mizani iliyokaguliwa ndani ya miezi 12, na uzito wa kamba aliyoning'inizwa nayo utolewe. Mfunike kwa kitambaa chenye maji mkiwa njiani, kwa sababu samaki hukauka na gramu zinakwenda. Kuvunja rekodi kwa gramu kumi hakutoshi: chini ya pauni 25 lazima uzidi kwa aunsi 2, yaani gramu 57 hivi, na kuanzia pauni 25 uzidi kwa nusu ya asilimia moja. Rekodi ya kilo 100 inakudai gramu 500 za ziada.

Tatu ni vipimo vya vifaa. Kwa mshipi wa hadi kilo 10 lida isizidi mita 4.57, na ikijumlishwa na mshipi uliokunjwa mara mbili isizidi 6.1. Juu ya kilo 10, ni 9.14 na 12.19. Mpini wa upembo usizidi mita 2.44. Pima kabla ya kwenda, na tepu.

Nne ni mshipi wenyewe. Unatuma lida, mshipi uliokunjwa na angalau mita 15.24 za mshipi unaofuata, nao unapimwa. Mishipi mingi ina nguvu kuliko lebo yake, na uzi wa kusokotwa ndio kinara. Ulioandikwa kilo 10 ukikatika kwenye 14, umehamia daraja la mshipi lenye rekodi nzito zaidi. Anayewania daraja fulani anunue mshipi uliopimwa kwa ajili ya mashindano.

Na kuna jeraha. Samaki aliyeliwa na papa au kukatwa na rafadha kabla ya kupandishwa hakubaliki. Mwaka 2023 kwenye mashindano ya Big Rock huko North Carolina, boti ya Sensation ilileta nduaro wa pauni 619.4, mzito kuliko wote. Akaondolewa kwa sababu ya alama za papa, na zawadi iliyokuwa mbele yao ilikuwa dola milioni 3.5 hivi. Ukiona jeraha, lipige picha na ulitaje mwenyewe kabla ya waamuzi kuliona.

Usipotaka kumuua samaki, tangu 2011 kuna rekodi za urefu: anapimwa kwenye ubao rasmi wa IGFA, anapigwa picha akiwa juu yake, anarudishwa hai. Ubao uwe umeloweshwa na umeshafunguliwa kabla hajapanda botini.